Picha za "Baada" ziandikwe ni baada ya siku ngapi

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa afya na urembo ulichapisha picha mbili za mwanamke mmoja akiwa ametazama upande. Chini ya ya kwanza mliandika "Kabla", chini ya ya pili "Baada". Pua ya kwanza ilikuwa na kinundu katikati ya mwamba, ya pili imenyooka. Nilizitazama kwa muda mrefu, kwa sababu kinundu kile nilikuwa nacho mimi, na upasuaji ule nimefanyiwa mimi. Nilikuwa natafuta jambo moja tu: baada ya siku ngapi? Halikuandikwa. Naandika kuwaomba liandikwe, na kueleza kwa nini nambari hiyo moja ingeniokoa na miezi mitatu ya kilio.

Mimi ni mhasibu, navaa miwani tangu nikiwa na miaka 11, na huu ni mwezi wa 14 tangu nifanyiwe upasuaji wa pua. Sikupata ajali wala sikuwa na ugonjwa. Nilitaka. Nilitaka kwa miaka 15, nikaweka akiba, nikauliza maswali, nikafanya. Wapo wanaosema ningeridhika na nilivyoumbwa; nimewasikia, baadhi yao ni watu wa nyumbani kwangu, na sina ugomvi nao. Barua hii haibishani kama mtu afanye au asifanye. Inamhusu yule ambaye ameshafanya, amelala chali na mito mitatu chini ya kichwa, na moyoni anadhani ameharibiwa.

Juma la kwanza nitalipita haraka, maana ndilo linaloelezwa kila mahali. Maumivu yalikuwa madogo kuliko nilivyoogopa. Kilichonitesa ni kuziba. Pua inaziba kama ya mafua makali, na huruhusiwi kupenga. Unapumua kwa mdomo usiku kucha, asubuhi midomo imepasuka na ulimi umekauka. Chafya ikija unaachama, itokee mdomoni. Uvimbe hupanda mpaka siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo aliyejitazama siku ya kwanza akafurahi, siku ya tatu hatafungua macho vizuri. Damu iliyovilia chini ya macho yangu ilianza zambarau, ikawa kijani, ikashuka mashavuni ikiwa njano, na kufikia siku ya 12 ilikuwa imekwisha. Yote haya niliambiwa mapema, na kwa kuwa niliambiwa, hayakunitisha.

Siku ya 7 ndiyo ninayotaka kuieleza polepole.

Daktari alilowesha kingo za plasta kwa mafuta, akasubiri, akaanza kuibandua kutoka juu kuja chini, kidogo kidogo, huku kidole chake kimeshikilia ngozi isivutike. Lile banzi gumu la kushikilia pua lilitoka na umbo la pua yangu ndani yake na vinyweleo vya nyusi vimegandia pembeni. Kisha akakata uzi ndani ya pua na kuvuta kipande laini cha silikoni kilichokuwa kimeshikilia ukuta wa kati. Nilidhani kitakuwa kidogo kama ukucha. Kilikuwa na urefu wa kidole, na kilipokuwa kinatoka nilihisi kinatokea nyuma ya jicho. Akavuta cha pili. Hewa ikaingia, baridi, ikapita moja kwa moja mpaka kooni, na machozi yakanitoka kwa raha ya kuvuta pumzi tu. Halafu nesi akanipa kioo.

Mhariri, pua niliyoiona haikuwa ya zamani wala ile niliyoionyesha kwa daktari. Ilikuwa pana, imejaa, ncha imetazama juu kiasi kwamba matundu yote mawili yalionekana hata ukisimama mbele yangu. Ngozi iling'aa mafuta na ilikuwa na vidoa vyeusi kwa kufunikwa siku saba. Kinundu hakikuwepo, ni kweli, lakini katika uvimbe ule sikuona hata kama kimeondoka. Nilijaribu kutabasamu, mdomo wa juu haukupanda. Meno mawili ya mbele yalikuwa na ganzi, nikiyagusa kwa ulimi ni kama ya mtu mwingine. "Inaendelea vizuri sana, dada yangu," daktari akasema. Nikaona ananibembeleza.

Karatasi ya maelekezo niliyopewa na kliniki (sitaitaja, na kazi yenyewe waliifanya vizuri) iliandika kwamba kurudi kazini ni baada ya siku 10. Mazoezi mazito, wiki kadhaa. Mstari wa mwisho kabisa ulisema matokeo "yataendelea kuboreka". Hapo hapana siku, wiki wala mwezi. Mtu wa hesabu akisoma "yataendelea" anauliza: mpaka lini? Sikuuliza, nikidhani ni maneno ya kufungia karatasi, kama vile "asante kwa kutuchagua". Nikahesabu moyoni kwamba kama kazini narudi siku ya 10, basi siku ya 10 pua itakuwa tayari.

Nilirudi kazini siku ya 11. Miwani sikuruhusiwa kuiegemeza kwenye pua kwa wiki sita, kwa sababu mfupa wa pande zote mbili ulikuwa umekatwa na kusogezwa ndani, na uzito mdogo tu unaweza kuubonyeza kabla haujashika. Kwa hiyo kila asubuhi nilikata kipande cha plasta nyembamba, nikakizungusha kwenye daraja la miwani na kukibandika kwenye paji la uso, miwani ikaning'inia bila kugusa pua. Adhuhuri, jasho likija, plasta inaachia, nakata nyingine. Kwa wiki sita nilifunga hesabu za watu hivyo. Paji langu lilitoka vipele mstari mmoja katikati ya nyusi, na mtu asiyejua angefikiri nimejigonga.

Hilo nalo nililiweza. Nilichoshindwa ni kuanzia wiki ya tano hadi mwisho wa mwezi wa nne.

Nina daftari la miezi hiyo, nalinukuu kama lilivyo. "Wiki ya 5: upande wa kulia umevimba kuliko wa kushoto. Jana ilikuwa kinyume." "Wiki ya 6: asubuhi nene, jioni afadhali." "Wiki ya 8: mwamba umenyooka. Ncha kama kitunguu." "Wiki ya 9: nimelia, imevimba zaidi." "Wiki ya 11: nikigusa ncha sihisi kitu." "Mwezi wa 3: wamekosea. Nina hakika wamekosea."

Kila siku nilijipiga picha kwa simu, mkono ukiwa umenyooka nusu, na kila siku picha ilinionyesha pua pana. Baadaye nilisoma juu ya utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, ambapo watafiti walipiga hesabu ya kile kamera inachofanya kwa uso kulingana na umbali. Kwa umbali wa sentimita 30 hivi, umbali wa mtu anayejipiga mwenyewe, upana wa pua huonekana umezidi kwa karibu asilimia 30. Ukisogea hadi mita 1.5, udanganyifu huo unakuwa kama haupo. Pua yangu ilikuwa imevimba kweli, lakini simu ilikuwa inaongeza juu yake sehemu ambayo haikuwepo usoni kwangu. Zaidi ya picha 100 nilizijaza kwenye simu ile, na hakuna hata moja niliyopigwa na mtu aliyesimama mbali.

Mwezi wa nne nilikwenda kwa daktari na hotuba niliyoiandika usiku. Nilitaka anifanyie upasuaji tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Dada yangu, nikikufungua leo nitakata uvimbe, sitakata pua. Uvimbe ukiondoka baadaye, utabaki na shimo." Akachukua kalamu, akanichorea pua kwa upande nyuma ya cheti cha mgonjwa.

Alinionyesha kwamba ngozi ya pua haina unene mmoja. Katikati ya mwamba, pale kinundu kilipokuwa, ni nyembamba, ndiyo maana pale palitulia mapema. Kwenye ncha ni nene na imejaa vifuko vya mafuta, na yangu ni nene kuliko ya wengi. Ili afike ndani alipasua kile kijinyama kinachotenganisha matundu mawili ya pua, akaiinua ngozi yote ili aone gegedu, ile sehemu ngumu lakini inayopinda inayoipa ncha umbo. Vijia vya limfu vilivyokuwa vikiondoa maji kwenye ncha vilikatika hapo, na mwili hauna budi kuvijenga upya. Mpaka vijengeke, maji yanakaa. Ukilala usiku yanaongezeka, ukisimama mchana yanateremka. Ndiyo habari ya asubuhi nene na jioni afadhali. Ukila chumvi nyingi yanaongezeka. Ukilia pia. Upande mmoja unaweza kutangulia mwingine kwa wiki nyingi bila kosa la mtu. Na chini ya ngozi kuna kovu linalokaza taratibu, na ngozi yenyewe lazima isinyae mpaka ishike umbo jipya la gegedu lililo chini yake.

"Hayo yote yanachukua muda gani?" nikauliza.

"Mwaka mmoja. Kwa ngozi kama yako, mwaka na nusu. Kabla ya miezi 12 haijatimia, hakuna mpasuaji makini atakayekubali kukurudia, labda kama kuna jambo la hatari."

Hiyo ndiyo nambari niliyokuwa naitafuta. Nilitoka mle ndani na pua ile ile niliyoingia nayo, na usiku huo nililala. Nilichora kwenye daftari jedwali la miezi 12, nikaweka picha moja tu kwa mwezi, tarehe ile ile, saa mbili usiku, mdogo wangu wa kiume akinipiga akiwa mbali. Siku nyingine zote nilikiacha kioo kwa kazi ya kuchana nywele.

Kila mtu alikuwa ameniambia nivute subira. Mama aliniambia, jirani aliniambia, na yule nesi wa kioo pia. Wote walinitakia mema. Lakini mtu aliyeambiwa avute subira bila kuambiwa mpaka lini, kila asubuhi anaamka akidhani leo ndiyo mwisho, na kila asubuhi anakuta siyo. Mimi niliyeshindwa wiki 12 za namna hiyo niliweza miezi minane iliyofuata bila shida, na kilichobadilika kilikuwa tarehe tu.

Hapa nitatoka njiani kidogo, kwa sababu jambo hili lilinigusa. Mwezi Oktoba mwaka 1794, jarida moja la London lilichapisha barua ya msomaji, kama hii yangu, iliyoandikwa kwa mhariri. Ilieleza habari za Cowasjee, mwendesha maksai wa Kihindi aliyekuwa akilitumikia jeshi la Waingereza, akatekwa vitani na kukatwa pua na mkono. Mtaalamu mmoja wa karibu na mji wa Pune, India, alimtengenezea pua kwa ngozi ya paji lake la uso, kwa ufundi ambao Wahindi walikuwa nao tangu kale. Barua ile ndiyo iliyowaamsha wapasuaji wa Ulaya, na mwaka 1814 Joseph Carpue akaufanya upasuaji huo London. Nilipousoma muhtasari wa barua ile niliona kitu ambacho huenda wengine hawakijali: mwandishi alitaja siku. Mgonjwa hulazwa chali siku tano au sita. Siku ya 10 huwekewa vitambaa laini puani ili matundu yabaki wazi. Mnamo siku ya 25 ndipo kile kipande cha ngozi kinachounganisha paji na pua hukatwa. Yule alikuwa mtu asiye na pua kabisa, ambaye angeshukuru kwa umbo lolote, na bado mwandishi aliona msomaji anastahili kujua siku.

Sasa neno kwa watu wa nyumbani, kwa sababu gazeti hili husomwa na familia nzima. Anayepona pua anatazamwa usoni na kila anayezungumza naye, hawezi kuificha kama kidonda cha mguu. Wiki ya saba wifi yangu aliniambia mbele za watu, "Wifi, mbona naona imekuwa nene kuliko ile ya zamani?" Hakuwa na ubaya, alisema alichokiona, na alichokiona kilikuwa kweli kwa wiki ya saba. Mimi niliibeba sentensi hiyo mpaka mwezi wa nne. Mama alisema, "Mwanangu, si ungeiacha tu," akaenda chumbani kwake kulia, na mimi chumbani kwangu, na katika nyumba nzima hakuna aliyejua kwamba tunalilia maji yatakayoondoka yenyewe. Mdogo wangu peke yake hakusema lolote juu ya pua. Aliniuliza, "Dada, umelala?" kila asubuhi, akabadilisha foronya zenye madoa ya damu, akanikatia plasta za miwani na kuzipanga ukingoni mwa meza kabla hajatoka. Kama una ndugu aliyefanyiwa upasuaji huu, fanya kama yeye. Akikuuliza inaonekanaje, mjibu ni wiki ya ngapi.

Ila ninaposema kungoja, sisemi kungoja kila kitu, na ningejisikia vibaya mtu akiielewa barua hii hivyo. Homa, damu isiyokoma, usaha au harufu mbaya, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, pua inayoziba ghafla kwa uvimbe laini ndani pande zote mbili: hayo hayana subira. Ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Damu inaweza kukusanyika kwenye ukuta wa kati na kuliua gegedu kwa siku chache tu. Kinachongojewa ni umbo. Na mvutaji sigara aache kabla ya upasuaji na baada yake, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu na ngozi iliyoinuliwa inaitegemea mishipa hiyo hiyo ili ipone. Hayo daktari wangu aliyarudia mara tatu, na naona alifanya vyema.

Mwezi wa tano ncha ilianza kushuka. Wa saba nilihisi unyoya wa mto ukinigusa puani, nikakaa kitandani gizani nikiigusa ncha kwa kidole, maana ganzi ilikuwa imeondoka bila kuniaga. Wa tisa wifi yangu aliniuliza kama nimebadilisha miwani. Mwezi wa 12 nilikwenda kwa daktari, akalitoa faili, akaweka picha ya siku ile ya kioo kando ya uso wangu. Nilipoiona tena niliona kile nilichoshindwa kukiona wakati ule: mwamba ulikuwa umenyooka tayari siku ya 7. Pua ilikuwa mle ndani, imefunikwa. Leo ni mwezi wa 14 na ncha bado inapungua kidogo kidogo. Picha ya mwezi huu na ya mwezi wa 12 hazifanani, na mdogo wangu aliliona kabla yangu.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri. Mkichapisha picha ya "Baada", andikeni ni siku, wiki au mwezi wa ngapi tangu upasuaji. Kliniki ikiwaletea picha bila tarehe, iulizeni kabla ya kuichapa. Na kama nafasi ipo, msiweke picha mbili tu. Katikati ya "Kabla" na "Baada" kuna mtu aliyeketi na miwani imebandikwa kwenye paji la uso, na yeye ndiye anayeufungua ukurasa wenu saa saba za usiku kutafuta kama kuna mwingine aliyewahi kuwa hivyo.

Mkikosa picha za namna hiyo, nitawapa zangu, bila jina: siku ya 7, wiki ya 6, mwezi wa 4, mwezi wa 12. Mbili za mwisho zimepigwa mita moja na nusu kutoka kwenye kamera; ya wiki ya 6 nilijipiga mwenyewe kwa simu. Ile ya siku ya 7 ni ya faili la daktari, na ameniruhusu. Mkilazimika kupunguza moja, tafadhali isiwe hiyo.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi